Mchicha Usiouzwa Mbele ya Duka la Mangi

Ninyi mnaoanza kazi ya kuuza mboga mmenitaka niwaambie niliyoyaona Kariakoo, na nitawaambia. Ila nianze na lile litakalowachekesha. Miaka yote niliyouza mchicha pale sokoni, sikuwahi kuotesha hata shina moja. Mimi mchicha niliujua ukiwa umeshang'olewa, umeoshwa, umelazwa juu ya gunia. Kabla ya hapo ulikuwaje, hayo yalikuwa mambo ya wakulima wa bondeni. Nilikuja kujifunza nikiwa nimeshastaafu, magoti yamekwisha, na aliyenifundisha ni muuza mabeseni.

Kwanza niseme habari za kazi, msije mkadhani bibi kaja kuwapigia porojo za bustani. Aliyenifundisha kuuza ni Bi Siwatu, mwanamke mfupi ambaye sauti yake ilifika mpaka meza ya mwisho bila yeye kuinuka. Nilipofika kwake hakuniruhusu kugusa mteja. Alinipa kopo la maji. Kazi yangu ikawa kuchovya vidole na kurusha matone juu ya majani, kidogo kidogo, kutwa nzima. Ukizidisha maji, mboga inachemka ndani ya gunia na jioni inanuka. Ukipunguza, jani linalegea, na mteja wa Kariakoo akiona jani limelegea hata salamu hakupi.

"Mteja akikwambia mboga zako mbaya," Bi Siwatu alinielekeza, "usimjibu. Nyunyizia."

Nilinyunyizia mpaka vidole vikawa vinachovya vyenyewe hata nikiwa kwenye maulidi. Alinifundisha pia kupanga fungu: majani mapana yakae nje, membamba ndani, mizizi yote upande mmoja, imeoshwa mpaka imekuwa myeupe. Mizizi ndiyo cheti cha kuzaliwa cha mchicha. Mteja anayejua mambo haangalii jani, anaangalia mzizi, na ukiwa bado mbichi anajua mboga imeng'olewa alfajiri. Matembele usiyafunge kwa kubana, yatakuwa meusi. Kisamvu usikilaze juu ya chainizi, mboga laini itapondeka. Siku hizi naona mnaipiga mboga picha, mnaituma kwenye simu, bodaboda anaipeleka mpaka mlangoni. Sina ugomvi na hilo. Lakini picha hainyunyiziwi maji, na anayeletewa mboga iliyolegea harudi tena.

Sasa basi. Niliacha kazi kwa sababu ya magoti. Nilimwachia mwenzangu meza, nikarudi nyumbani kukaa. Nyumba yetu ni ya ukoo wa marehemu mume wangu, nyumba ya chini katika mtaa ambao sasa umejaa maghorofa. Mbele ni fremu za maduka ya watu, nyuma ni vyumba viwili na ua uliopigwa sementi. Mimi nakaa huko nyuma.

Hakuna aliyeniambia kwamba kustaafu kunauma. Alfajiri nilikuwa naamka kwa mazoea, navaa, najifunga khanga kiunoni, halafu nakumbuka sina pa kwenda. Nakaa pale uani nasikiliza wapagazi wakipita nje na mikokoteni, wakipiga kelele watu wapishe njia. Mchana napitiwa na mwanamke mwenye beseni la mboga kichwani, na mimi ndiye niliyekuwa mteja wake mbaya kuliko wote. Kila fungu nalitia dosari. Huu mchicha wa jana, haya matembele umeyabana, nani kakufundisha kazi? Yule dada mwisho akawa anazunguka mtaa wa pili ili asipite kwetu. Simlaumu. Mimi mwenyewe ningezunguka.

Mwanangu Zuhura anakaa Chanika, pembezoni mwa jiji. Alikuwa akinipigia simu kila jioni, na kila jioni mazungumzo yakawa mafupi zaidi. Nimeshindaje? Nimeshinda. Nimekula? Nimekula. Nini kipya? Hakuna. Siku moja akaja mwenyewe, akanikuta pale pale uani, kwenye kile kile kiti, na khanga ile ile aliyoniacha nayo mara ya mwisho.

"Mama, twende kwangu," akasema. "Nafasi ipo, udongo upo, wajukuu wapo. Hapa utakuja kufa na hakuna atakayejua."

"Chanika kuna udongo," nikamjibu. "Watu wako wapi?"

"Na hapa watu wako wapi, mama? Tangu nimekuja hajaingia hata paka."

Hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Lakini nimeolewa ndani ya nyumba ile, nimezaa mle, mume wangu katolewa mle kwenda kuzikwa. Kuondoka Kariakoo kwangu ni kama kuambiwa nivue ngozi niiache. Tukabishana mpaka tukafikia mapatano. Zuhura angeniacha mpaka baada ya Idi. Akija akanikuta bado nimejikunyata pale uani, angefunga nguo zangu kwenye begi na tungeondoka wote. Nilikubali, nikijua kabisa kwamba sina la kumwonyesha.

Ndipo nikapata wazo la kupanda mchicha. Niliona nitashindwaje, mimi niliyekula na kusomesha kwa mchicha? Nilichukua makopo ya mafuta ya kupikia, nikayajaza mchanga niliouomba kwa mafundi waliokuwa wanajenga mtaa wa nyuma. Mchanga wa kujengea, ndiyo. Nikamimina mbegu karibu pakiti nzima kwenye kila kopo, maana kwangu fungu zuri ni fungu lililojaa. Halafu nikavuta kiti, nikachovya vidole, nikaanza kunyunyizia.

Vikachipua vijani vidogo vimebanana. Nilifurahi sana. Nikaongeza kunyunyizia, asubuhi, adhuhuri, jua linawaka, nikarusha matone juu ya majani kama nilivyofundishwa. Vikaanza kulala. Nami kila vikilala, nanyunyizia zaidi.

Jirani yetu wa ukuta mmoja ni Mchaga wa Machame, jina lake Elirehema, ila mtaa mzima unamwita Mangi, kama wenye maduka wengi wa kutoka Kilimanjaro wanavyoitwa. Anauza vyombo vya plastiki kwa jumla: ndoo, majagi, mabeseni ya kila rangi. Anakaa na mkewe nyuma ya duka, na ua wake umetengana na wetu kwa ukuta unaofika kifuani. Tulikuwa watu wa salamu tu. Siku hiyo alikuja kutoa mzigo stoo, akasimama, akaegemea ukuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mangi."

"Samahani, mama. Nakuona toka asubuhi. Hayo maji unayorusha ni ya dawa?"

"Namwagilia mboga. Huoni?"

"Mbona unaogesha majani? Maji yanatakiwa chini."

Nikampandishia. "Mimi nimeuza mboga hapo sokoni kabla wewe hujajua njia ya kuja Dar."

"Sikatai, mama. Ila zile ulizokuwa unauza zilikuwa zimeshakufa. Ulikuwa unazipamba. Hizi bado zipo hai, na zinanywea kwenye mizizi."

Niliinuka nikaingia ndani, nikafunga na mlango. Muuza plastiki anifundishe mimi mchicha. Nilikasirika mpaka chai ikanishinda. Lakini nilipokaa kimya nikayatafakari maneno yake, nikaona hayana pa kupitishia kisu. Maisha yangu yote nimekuwa nikiipamba mboga ili isionekane kwamba imekufa. Kuilisha sikuwahi.

Asubuhi nilipotoka nilikuta beseni jekundu juu ya ukuta. Lilikuwa na ufa ubavuni, lile ambalo halingeweza kuuzwa tena, na ndani yake limejaa udongo mweusi uliochanganywa na samadi. Mangi alikuwa ameagiza udongo kwa mtu wake anayeleta mzigo kutoka Goba. Kwenye kitako alikuwa ametoboa matundu kwa msumari uliopashwa moto, maji yapate pa kutokea. Sikumwambia asante siku ile. Nilimwambia tu, "Mbegu naweka ngapi?" naye akaelewa kwamba yamekwisha.

Akaruka ukuta, mtu mzima na kitambi chake, akanionyesha. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, ukizimwaga hivi hivi zinaangukia pamoja. Unazichanganya na mchanga mkavu kwenye kiganja, unatawanya kama mtu anayetia chumvi kwenye mchuzi, unafunika kwa udongo kiduchu. Maji unatia asubuhi kabla ya jua na jioni jua likishuka, na unamimina taratibu chini, jani likae kavu. Haya mkiyajua na ninyi mnaouza hayatawadhuru. Muulizeni mkulima wenu anamwagilia saa ngapi, mtajua mboga yake itakaa mezani mpaka saa ngapi.

Mabeseni yakaongezeka. Kila chombo kilichopasuka dukani kikawa kinapita juu ya ukuta. Watu husema wafanyabiashara wa pale wana mkono wa birika. Waje wamwone huyu. Nikawa na matembele kwenye ndoo, mnafu kwenye karai, nyanya chungu kwenye jagi kubwa lisilo na mkono.

Mchicha wa kwanza ulipokomaa, nilifanya kazi niliyoijua. Niling'oa wote. Nikaosha mizizi mpaka ikawa myeupe, nikapanga majani mapana nje, nikafunga fungu ambalo Bi Siwatu angelipigia kigelegele, nikampelekea Mangi pale ukutani. Alilipokea, akalitazama, akatazama beseni tupu nyuma yangu. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakalia ndoo.

"Mama, fungu zuri kweli. Sijawahi kuona. Sasa kesho tunakula nini?"

Ndipo nikajifunza kuchuma. Unakata juu ya vifundo viwili vya chini, shina linabaki, na baada ya siku chache linatoa matawi pembeni. Mwuzaji anataka mzizi ili mteja aamini. Mwenye bustani anauacha mzizi ili ale tena. Nilikuwa mzee nilipolijua hilo, na nilifurahi kama mtoto.

Kuna wakati wadudu walitoboa majani mpaka yakawa chekecheke. Mangi hakujua dawa. Akampigia simu mama yake kijijini, akaweka sauti kubwa, na bibi yule akawa anafoka Kichaga kana kwamba tumemwibia ng'ombe.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema majivu. Halafu anauliza wewe ni nani na kwa nini mboga zako zinaliwa."

"Mwambie mimi ni mtu wa sokoni."

Akamwambia. Bibi akajibu, Mangi akasita kutafsiri, nikamlazimisha. "Anasema ndiyo maana."

Tukaweka majivu, wadudu wakapungua. Tangu siku ile yule bibi ananisalimia kila akipiga simu, na mimi namsalimia, na hakuna anayeelewa mwenzake. Kwa ajili ya mbolea nikaanza kujikongoja mpaka sokoni kuwaomba wenzangu majani yaliyolegea, yale yale niliyoyatupa maisha yangu yote. Mwanzoni walidhani nimechanganyikiwa. Halafu wakaniwekea kiti. Mpagazi mmoja wa Mangi akawa ananibebea kiroba akirudi na mkokoteni.

Sijawaambia kwamba mchanga wangu wa kwanza ulitoka kwenye lile jengo la mtaa wa nyuma? Jengo lile halikuacha kupanda. Kila nikiinua macho lilikuwa limeongeza ghorofa. Kivuli chake kikaanza kuingia uani kwetu, kwanza pembeni, halafu katikati. Nikawa nayasogeza mabeseni kufuata jua, asubuhi huku, mchana kule, na magoti yangu haya. Mangi akiwa na nafasi anaruka ukuta ananisaidia. Ikafika siku jua halikuingia kabisa. Mchicha ukarefuka shingo, ukawa wa njano, majani madogo kama ya mlonge. Hapo samadi haisaidii wala majivu.

Ramadhani ilikuwa inaelekea ukingoni. Jioni moja, baada ya kufuturu, nilimwita Mangi ukutani nikamwambia ayachukue mabeseni yake.

"Mwanangu anakuja baada ya Idi," nikasema. "Mimi nahamia Chanika."

"Unataka kwenda, mama?"

"Sitaki. Lakini nitamwonyesha nini? Hii mboga inakufa, na ikifa narudi kwenye kile kiti."

Alishika jani moja la njano, akaliachia, akaniaga. Nililala nikijua yamekwisha, na sikuona haya kulia, maana hakuna wa kunisikia.

Ili mwelewe alichofanya, lazima mwijue Kariakoo. Mbele ya duka ndiyo duka lenyewe. Mteja wa mikoani hasomi kibao, anatazama kilichotundikwa nje. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakikosana kwa sababu ndoo ya mmoja imesogea mbele ya fremu ya mwenzake. Na mbele ya duka la Mangi ndiko kuzuri kuliko kote mtaani: kunatazama mashariki, barabara ni pana, na jua la asubuhi linakaa pale mpaka karibu na adhuhuri.

Asubuhi ile nilisikia vishindo uani. Nikatoka. Mangi na wapagazi wake walikuwa wanapitisha mabeseni yangu juu ya ukuta, moja moja, wanayapeleka mbele kupitia dukani.

"Mangi, unafanya nini?"

"Nafuata jua, mama. Chukua kiti chako."

Nilizunguka mpaka barabarani. Zile ndoo na mabeseni mapya aliyokuwa akiyapanga barazani kwa ngazi kila asubuhi yalikuwa yameondolewa, yamerundikwa ndani. Mahali pake ulikaa mchicha wangu wa njano, matembele, mnafu na ile nyanya chungu kwenye jagi lisilo na mkono. Mkewe alikuwa anafagia udongo uliomwagika, anacheka. Mwenye duka la jirani akasimama, mikono kiunoni.

"Mangi, siku hizi unauza mabeseni au mchicha?"

"Mabeseni," Mangi akajibu. "Hayo unayoyaona yamepasuka, na bado yanabeba udongo. Fikiria mazima."

Nilimvuta pembeni. Nilimwambia hapana, hii ni biashara yako, una watoto, siwezi kukubali. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mama yangu asiposhika jani siku nzima, jioni anaumwa," akasema. "Yupo mbali, siwezi kumsaidia. Wewe upo hapa ukutani. Nikutazame tu?"

Nilikaa kwenye kiti changu, nikajifunika uso na khanga, na safari hii watu waliniona.

Jua lilifanya kazi yake. Mchicha ukarudi kijani, ukatoa matawi. Na mimi nikawa nimerudi barabarani na mboga mbele yangu, mahali nilipozoea, ila safari hii mambo yamegeuka. Wapita njia wanasimama. "Mama, fungu bei gani?" Nawaambia haziuzwi. Hawaamini. Kariakoo ni wapi pana kitu kimewekwa nje na hakiuzwi? Mmoja akaniambia, "Mama usinizingue, taja bei yako." Nikamwambia achume za kula leo, akate juu ya kifundo, aache mzizi. Alichuma huku ananitazama kama mtu anayetegwa. Kesho yake alikuja na mkewe kunisalimia. Yule dada wa beseni kichwani naye alikuja, akaegesha mzigo wake karibu yangu. Nilimwonyesha kufunga matembele bila kuyabana, na sikumtia dosari.

Zuhura alikuja baada ya Idi kama alivyosema, na begi kubwa, tupu. Alipitia mlango wa nyuma alivyozoea. Akakuta ua mtupu, kiti hakipo, mama hayupo. Alinipigia simu, sikupokea. Akaipiga tena. Mkewe Mangi anasema alimwona anatoka uani anakimbia, begi linamgonga miguu, uso umebadilika.

Alinikuta barazani. Nilikuwa nabishana na wanawake wawili wa mtaa wa pili kama mnafu unaungwa kwa nazi au kwa karanga, na mpagazi mmoja alikuwa amechutama ananywa chai, anaamua ugomvi.

"Mama," Zuhura akasema, pumzi juu. "Simu hupokei. Kwa nini hupokei simu?"

"Sikuisikia," nikamwambia. "Nilikuwa na watu."

Akatazama mabeseni, akawatazama wale wanawake, akanitazama mimi. Kisha akaliweka begi chini, akalikalia, akaanza kulia taratibu, na Mangi akamletea maji kwenye jagi jipya kabisa.

Nguo zangu bado zipo Kariakoo. Lile begi lilirudi Chanika limejaa vipande vya matembele, maana huko udongo upo. Vimeshika. Siku hizi akinipigia jioni hatuzungumzi kwa ufupi. Ananiuliza mbona majani yake yanalala, na ameyarushia maji mchana kutwa. Namwambia ayaache majani, amwagilie chini.